Unataka kuhamishia pawa saplai ya zamani kwenye kompyuta mpya? Kagua haya kabla hujawasha

Ukijenga mashine mpya hela huwa inaishia kwenye prosesa, madabodi, ramu na SSD, halafu ukifika kwenye pawa saplai unageuka unaiangalia ile kompyuta ya zamani iko pembeni, inawaka vizuri tu, unajiuliza kwani hii nikiihamisha kuna ubaya gani. Kiukweli mara nyingi hakuna ubaya. PSU (ndio hiyo pawa saplai kwa kifupi) nzuri inaweza kuhudumia kompyuta mbili mfululizo na bado ikawa na pumzi. Shida ni kwamba watu wengi wanaangalia kitu kimoja, ile namba kubwa ya wati iliyoandikwa ubavuni, wakiona 600 na mashine inataka 400 basi wanasema imetosha, wanachomeka. Mimi hiyo namba naiweka mwisho kabisa. Naanza na lebo, nakuja kwenye plagi na waya, nauliza umri na maisha iliyoishi, ndio napiga hesabu ya wati, na ikifeli popote hapo katikati siendelei kuibembeleza.

Kwa nini ukali wote huo kwa kidude kimoja? Ramu ikifa inakufa peke yake. SSD ikifa unapoteza data, inauma, lakini mashine inabaki. Pawa saplai kimeo ikiamua kufa vibaya inaweza kuondoka na madabodi, diski na kadi ya grafiki kwa mpigo mmoja, maana kila kitu humo ndani kinapokea umeme kutoka kwake. Sio kwamba kila PSU ikifa inaua wenzake, zile za maana zina ulinzi ndani, volti ikizidi au kukiwa na shoti zinajizima zenyewe na kila kitu kinabaki salama. Za magumashi ndio hazina huo ulinzi, au umeandikwa kwenye boksi tu.

Lebo kwanza

Itoe kwenye kesi uishike mkononi, usisome lebo kwa kuchungulia. Utakuta jedwali dogo lenye +3.3V, +5V, +12V, -12V na +5VSB, na chini ya kila moja ampea zake. Weka kidole kwenye +12V na uache mengine kwa sasa. Kompyuta ya leo inakula karibu kila kitu kwenye 12V, prosesa humo, kadi ya grafiki humo, feni humo, madabodi yenyewe ndio inaishusha hiyo 12 mpaka volti moja na ushee ambayo prosesa inaitaka. Zamani haikuwa hivi. Kabla ya Pentium 4 kuingia mwaka 2000, prosesa nyingi zilikuwa zinalishwa kutoka kwenye 5V au 3.3V, kwahiyo pawa saplai za enzi zile zilirundikiwa ampea kwenye hizo laini mbili na 12V ikabaki nyembamba, na kuna viwanda vya bei chee viliendelea kutoa PSU za mtindo huohuo miaka mingi baadaye huku nje vikibandika stika mpya.

Piga hesabu mwenyewe, ni volti mara ampea. Chukulia unayo imeandikwa 500W kwa herufi kubwa, halafu ndani ya jedwali 3.3V ina 28A, 5V ina 30A, na 12V ina 22A. Kumi na mbili mara 22 ni wati 264. Kwahiyo kwa mashine ya kisasa hiyo sio ya 500, ni ya 264 na vichenji. Sasa weka pembeni yake nyingine imeandikwa 450W lakini 12V yake ni 36A, hapo unapata 432. Ile ya 450 inaipita ya 500 kwa mbali, na ndio maana nasema namba ya ubavuni usiipe imani yako. PSU nzuri ya miaka ya karibuni utakuta 12V peke yake inafika karibu sawa na wati zote zilizotangazwa. Ukikuta 12V haifiki hata theluthi mbili ya namba kubwa, ujue umeshika mchoro wa kizamani, haijalishi stika inang'aa vipi.

Kuna nyingine zina laini za 12V zaidi ya moja, 12V1 na 12V2, labda kila moja 18A. Usizijumlishe haraka ukasema nina 36A. Tafuta mstari unaosema jumla ya 12V ni wati ngapi, ndio huo wa kuamini, na mara nyingi ni mdogo kuliko ulivyojumlisha kichwani. Pia kama laini zimetenganishwa kweli, kadi ya grafiki iliyoning'inia kwenye laini moja ya 18A ina wati 216 tu za kuchezea, ikivuka pale ulinzi unakata na mashine inazima katikati ya gemu, wewe unabaki unashangaa mbona wati zimebaki kibao.

Nyuma ya PSU, karibu na tundu la waya wa ukutani, angalia kama kuna kiswichi, mara nyingi chekundu, kimeandikwa 115 na 230. Kama kipo kwenye 115 na umeme wako ni wa volti 230 ukiwasha ni mlipuko na moshi, habari yake inaishia hapo. Kiweke sawa kabla ya kufanya lolote. Na kuwepo kwake tu kunakupa umbea: PSU za kisasa zilizotulia zinaandikwa 100 hadi 240V, zinajirekebisha zenyewe, hazina kiswichi hicho. Ukikiona, unaongelea mchoro wa zamani au wa kubana matumizi.

Kuhusu nembo ya 80 Plus, ilianza 2004, madaraja ya Bronze, Silver na Gold yakaja 2008. Inachosema ni umeme kiasi gani unapotea kuwa joto, mfano Gold kwenye umeme wa volti 115 ikibeba nusu ya uwezo wake lazima ifikishe asilimia 90. Haisemi kapasita zilizomo (vile vimitungi vya kutunza umeme) ni za ubora gani wala ulinzi upo au haupo. Ni dalili nzuri, ila sio cheti cha usalama.

Plagi na waya, hapa ndio pesa zinapoungulia

Plagi kubwa ya madabodi iwe na pini 24. Hizo zilikuja na ATX12V, kiwango cha pawa saplai za kompyuta, toleo la 2.0 mwaka 2003, kabla ya hapo zilikuwa 20. Ukikuta yako ina 20 tu, wala usianze kutafuta adapta, hicho chuma kina zaidi ya miaka ishirini au kimetengenezwa na mtu aliyesahau kalenda, kiache kipumzike.

Prosesa ina plagi yake, juu kushoto kwenye madabodi nyingi. Za sasa zina tundu la pini 8, PSU nyingi zinakupa plagi ya 4+4 unaziunganisha. Baadhi ya madabodi kubwa zina 8 na nyingine ya 4 au 8 pembeni, watu wanapaniki hapo, lakini kwa prosesa isiyoovaklokiwa, yaani isiyosukumwa kupita kasi yake, ile 8 ya kwanza kwa kawaida inatosha, ya pili imewekwa kwa ajili ya wanaokamua mpaka mwisho, kitabu cha madabodi kitakwambia kama ni ya lazima. PSU za zamani zaidi zina 4 tu. Nne kwenye tundu la 8 inaingia upande mmoja, na kwa prosesa ndogo ya wati 65 mara nyingi mashine inawaka na kufanya kazi. Kwa prosesa kubwa sahau, pini mbili za 12V ndio zinabeba mzigo wote na zitachemka.

Hapa naomba utulie kidogo. Plagi ya pini 8 ya prosesa na plagi ya pini 8 ya kadi ya grafiki zinafanana kwa macho lakini ni vitu viwili tofauti, nyaya za 12V na za ethi zimekaa kinyume. Umbo la vijitundu limetofautishwa makusudi zisiingiliane, ila plastiki ni plastiki, ukiwa na haraka na nguvu za kutosha utaipitisha, halafu utawasha na shoti. Kama waya zina rangi ni rahisi kutambua, ya prosesa ina njano nne na nyeusi nne, ya kadi ina njano tatu na nyeusi tano. Kama zote ni nyeusi kama zilivyo nyingi za siku hizi, soma maandishi kwenye plagi yenyewe, itaandikwa CPU au PCI-E. Ikigoma kuingia, itoe uiangalie tena, usiisukume.

Kwa kadi ya grafiki, kumbuka slotu ya madabodi inatoa mpaka wati 75, plagi ya pini 6 inaongeza 75, na ya pini 8 inaongeza 150. Kadi inayotaka plagi mbili za 8 ipe kebo mbili tofauti kutoka kwenye PSU, usitumie ile kebo moja yenye mkia unaorudi kuwa plagi ya pili, hasa kwa kadi inayokula zaidi ya wati 225. Itafanya kazi ndio, ila unaipitisha mizigo miwili kwenye waya zilezile ambazo zina umri.

Kadi mpya kubwa zina tundu dogo la pini 16, lile la 12VHPWR lililokuja na ATX 3.0 mwaka 2022 na kurekebishwa baadaye kuwa 12V-2x6. PSU ya zamani haina hiyo plagi, na sio mwisho wa dunia, kadi nyingi zinakuja na adapta kwenye boksi inayotoka pini 16 kwenda plagi mbili, tatu au nne za pini 8. Kila tawi la adapta lipewe kebo yake. Na lile tundu lenyewe sukuma mpaka uone hakuna mwanya hata kidogo kati ya plagi na kadi, ikikaa nusu inapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Waya usikunje palepale mwanzoni, iache inyooke kidogo kwanza.

Sasa adapta ambazo sitaki kuziona: zile za kutoka SATA, plagi bapa ya kulishia diski, kwenda plagi ya kadi ya grafiki. Plagi ya SATA ina pini tatu za 12V na kila moja imepangiwa 1.5A, jumla 4.5A, ambazo ni wati 54. Adapta inaahidi pini 6, yaani wati 75. Kadi ikizivuta hizo 21 za ziada, vipini vyembamba vya kulishia diski vinabeba kuliko kipimo chao na vinachemka. Kama PSU haina plagi za kadi ya grafiki kabisa basi PSU hiyo inakwambia yenyewe kwamba haikuzaliwa kwa kadi ya grafiki, isikilize.

Na kubwa kuliko zote, kebo za modula, yaani zile zinazochomoka kwenye PSU. Wakuu, upande wa kebo unaoingia kwenye madabodi au diski ni wa kiwango kimoja dunia nzima, lakini upande unaoingia kwenye PSU yenyewe hauna kiwango. Kila kampuni inapanga pini inavyotaka, na hata kampuni moja inaweza kubadilisha kati ya toleo moja na jingine. Kebo ya PSU nyingine inaweza kuingia vizuri kabisa, ikabana na klipu ikalia, halafu ikapeleka 12V mahali ambapo diski inasubiri 5V. Diski zinakufa hapohapo, zote zilizo kwenye kebo hiyo, pamoja na data. Kwahiyo ukihamisha PSU ya modula ihamishe na kebo zake zilezile, usiache kebo za zamani kwenye kesi mpya kwa sababu tu umeshazipanga vizuri. Ukiletewa PSU ya mtu bila kebo, au na kebo za kuokoteza, ama upime kila pini kwa multimita (kipima volti) kabla hujaunganisha kitu, ama uachane nayo.

Kuna jambo dogo la kuchekesha kwenye SATA. Baadhi ya diski kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya seva, ambazo watu wanazitoa kwenye maboksi ya diski za nje, zinatumia pini ya tatu ya plagi ya umeme kama amri ya kuzimwa. PSU za zamani zinapeleka 3.3V kwenye pini hiyo muda wote, kwahiyo diski inapokea amri ya kuzima muda wote, haizunguki, haionekani, mtu anasema imekufa. Ni nzima. Funika hiyo pini kwa kipande chembamba cha tepu ya kuvumilia joto, itaamka.

Kama PSU unaitoa kwenye kompyuta ya kampuni iliyokuja imeunganishwa tayari, hakikisha kwanza ni ya ATX kweli. Nyingi za miaka hii zina plagi za pini 6, 8 au 10 za kwao wenyewe. Na zipo Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 ambazo plagi ilikuwa na umbo lilelile la ATX lakini nyaya zimepangwa tofauti, hizo ndio hatari maana zinaingia bila kulalamika. Vipimo pia, ATX ya kawaida ina upana wa milimita 150 na kimo 86, urefu ndio unabadilika, pima nafasi kwenye kesi mpya.

Umri, na maisha iliyoishi

Kinachozeeka ndani ya pawa saplai ni kapasita. Zina kimiminika ndani, na kimiminika hicho kinakauka polepole, joto likiongezeka kinakauka haraka. Mafundi wanatumia kanuni kwamba kila nyuzi 10 za sentigredi zikiongezeka maisha ya kapasita yanapungua kwa nusu. Kwahiyo miaka mitano sio miaka mitano, PSU iliyokaa kwenye mashine ya ofisini inafungua dokumenti mchana na kuzimwa jioni ni tofauti kabisa na ile iliyokuwa inachimba sarafu za kidijitali usiku na mchana kwenye chumba cha joto na vumbi, hata kama zimetoka kiwandani siku moja.

Chukua tochi, mulika kupitia matundu ya nyuma na kupitia feni. Unatafuta vile vimitungi vilivyosimama, kichwa chake kinatakiwa kuwa bapa kabisa na ile alama ya msalaba au herufi K juu yake iwe imelala. Kikiwa kimevimba hata kidogo, au kuna ukoko wa kahawia umeganda juu au chini yake, umeshapata jibu. Angalia pia vumbi lililogandana kama sufi, na rangi ya plagi: plastiki nyeupe ya pini 24 ikiwa na doa la njano iliyokolea au kahawia kwenye tundu moja, pini ile imewahi kuchemka. Nusa. Harufu ya samaki wa kuungua au ya plastiki iliyopikwa haiji bure.

Ila usiifungue. Nasema hivi hata kwa wale mnaojua kushika solda. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inabaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa waya, na inaweza kukaa nazo kwa muda. Kubadilisha feni inayopiga kelele au kapasita moja ni kazi ya mtu anayejua kuzimaliza hizo volti kwanza, na kwa PSU ya kawaida gharama na hatari havilipi.

Kipimo changu cha umri ni waranti. Kampuni inayotoa miaka 7 au 10 imeweka vitu vya kudumu ndani, inayotoa miwili inajua ilichofanya. Kama PSU bado iko ndani ya waranti na imepita ukaguzi wa juu, itumie bila presha. Ikiwa imevuka kidogo na ni ya jina zuri, naiweka kwenye mashine ya kawaida isiyo na kadi kubwa. Ya bei chee iliyomaliza waranti yake ya miaka miwili, hapana, hata kama inawaka. Na iliyokaa stoo miaka bila kuguswa nayo ina mambo yake, kapasita zisizopata umeme muda mrefu zinadhoofika, usiianzishe moja kwa moja kwenye madabodi mpya, iwashe kwanza ikiwa haijaunganishwa na kitu cha thamani na uiache kwa muda.

Hesabu ya wati sasa

Usichukue TDP, ile namba ya wati inayotangazwa na prosesa, ukaiita matumizi. Ryzen ya AMD ya soketi ya AM4 au AM5 iliyoandikwa 65W inaruhusiwa kuvuta mpaka 88, ile ya 105W ya AM4 inafika 142, na ya 170W ya AM5 inafika 230. Core i9-13900K ya Intel imeandikwa 125 ila ikifungua pumzi inafika 253. Kwa kadi namba ziko karibu na ukweli zaidi: RTX 4060 ni 115, RTX 3060 ni 170, RTX 4070 ni 200, RTX 3080 ni 320, RTX 4090 ni 450. Madabodi, ramu, SSD, feni weka 60 hivi kwa pamoja, diski za kuzunguka ongeza kidogo.

Mashine ya Ryzen 65W na RTX 4060 inakuja 88 jumlisha 115 jumlisha 60, ni 263. Ile PSU yetu ya 450 yenye 432 kwenye 12V inaibeba ikiwa imetulia, na uzee wake haitousikia. Lakini 13900K na RTX 3080 ni 253, 320 na 60, tayari 633, mtu mwenye 650W ya zamani ataona imepita kwenye karatasi. Haijapita. Kadi za kizazi cha 3080 na kuendelea zinaruka, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde zinavuta mara mbili ya kiwango chao, halafu zinarudi. PSU za ATX 3.0 zilizotengenezewa kadi hizo zinatakiwa zivumilie mruko wa asilimia 200 ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100, za zamani hazikuwahi kuulizwa swali hilo, zinaona ni shoti zinajizima. Kwa hiyo kadi ikiwa ndogo nafasi ya asilimia 30 inatosha, kadi ikiwa kubwa na PSU ina miaka yake, mimi nataka nusu ibaki juu au nanunua mpya.

Kuna pia tatizo la upande wa pili, mashine kula kidogo mno. Intel walipotoa prosesa za Haswell mwaka 2013, prosesa ikilala ilishuka mpaka karibu sifuri kwenye 12V yake, na PSU za mtindo wa zamani, ambazo 5V na 12V zinadhibitiwa kwa pamoja kama ng'ombe wawili kwenye jembe moja, zikawa zinayumba, laini moja ikilegea nyingine inapanda. Dalili yake ni mashine inayozima ikiwa imekaa tu haifanyi kitu, halafu kwenye gemu iko vizuri. Kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi) unaweza kuzima hali za usingizi za C6 na C7 na ikatulia, ila ukweli ni kwamba PSU hiyo imepitwa.

Kuipima

Ikiwa imepita yote hayo ipime nje ya kesi. Chomoa waya wa ukutani, chukua kipande cha waya, unganisha pini ya waya wa kijani kwenye plagi ya 24 na pini yoyote ya waya mweusi. Kama waya zote nyeusi, kijani ni pini ya 16, ya nne kwenye safu yenye klipu, na ya 17 pembeni yake ni ethi. Ning'iniza feni moja ya zamani ipate kitu cha kulisha, rudisha umeme, washa. Feni ya PSU ikizunguka imeonyesha inawaka, hakuna zaidi ya hapo. Na isipozunguka usiihukumu, kuna PSU ambazo feni inasubiri joto kwanza.

Multimita kwenye plagi ya Molex, ile ya pini 4 ya diski za zamani, njano na nyeusi unatakiwa uone kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu na nyeusi kati ya 4.75 na 5.25. Waya wa chungwa kwenye plagi kubwa uwe kati ya 3.14 na 3.47. Waya wa kijivu uwe karibu na 5, huo ndio unaoiambia madabodi kwamba umeme umetulia anza kazi, ukiwa sifuri mashine haitoamka kamwe. Namba hizi ni za bila mzigo, na multimita haioni yale mawimbi madogo yanayobaki juu ya umeme, ambayo mwisho wake ni milivolti 120 kwenye 12V na 50 kwenye 5V na 3.3V. Hayo yanataka oscilloscope, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, na ndio ugonjwa mkuu wa kapasita zilizochoka, kwahiyo namba nzuri za multimita zisikupe kiburi.

Mara ya kwanza kwenye mashine mpya washa ikiwa na vichache, madabodi, prosesa, kipande kimoja cha ramu, picha ipitie kwenye prosesa kama inayo, diski zenye data zikae mezani. Ikitulia ongeza kadi, kisha endesha OCCT, programu ya kuitesa mashine, kwenye kipimo cha pawa kwa nusu saa au saa, ukiwa umekaa hapo. Multimita iwe kwenye Molex muda huo. Ikianza 12.1 ikashuka mpaka 12.0 ni kawaida, ikianza 12.1 ikaenda 11.5 na bado inashuka, zima. Usitegemee programu inayosoma volti kutoka kwenye madabodi, vihisi vyake vinadanganya mara nyingi tu. Gusa plagi kwa nje, vuguvugu sawa, moto hapana. Kale kamlio kembamba ka koili kakiwa kanasikika kadi ikifanya kazi hakana madhara, kanakera tu.

Baadaye mashine ikianza kuzima na kujiwasha yenyewe katikati ya gemu bila skrini ya bluu, utaenda kwenye Event Viewer, kumbukumbu za matukio za Windows, utakuta Kernel-Power 41. Hiyo inasema tu kwamba Windows ilizimika bila kuaga, haisemi nani kaua. Jaribu hivi: ingia MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya grafiki, shusha kikomo cha pawa cha kadi mpaka asilimia 70, cheza gemu lilelile. Ikiacha kuzima, mshukiwa wa kwanza ni PSU au kebo zake. Ikiendelea kuzima vilevile, kagua ramu na joto la prosesa kwanza kabla hujatoa hela.

Na kama imefeli ukaguzi lakini bado inawaka, usiigawe kwa mtu kimyakimya akaiweke kwenye mashine yake, mwambie hali yake, inaweza kumfaa kujaribia feni na taa. Ikiwa ni ya modula mpe na kebo zote, hata zile ambazo hazikuwahi kutoka kwenye mfuko wake, maana kebo moja ikibaki kwenye droo yako siku moja utaichomeka kwenye PSU mpya ukidhani ni yake.